Seva za bledi au mashine pepe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na ofisi za Mombasa zenye bajeti ndogo

Maswali haya ni ya ofisi zenye watu kati ya 20 na 80: mawakala wa forodha wa Moi Avenue na Shimanzi, hoteli za Nyali na Bamburi, shule, zahanati na maghala ya Changamwe. Ofisi kama hizi huwa na seva tatu au nne zilizozeeka, fedha za kununulia mara moja tu, na chumba kidogo chenye kiyoyozi kimoja.

Bledi na mashine pepe, si lazima nichague kimoja?

Hapana, na kotesheni nyingi huanza kuharibikia hapa. Bledi ni umbo la chuma: seva nyembamba inayochomekwa ndani ya chasisi, na chasisi ndiyo inayoipa stima, feni na mtandao. Mashine pepe ni kazi ya programu: seva moja ya chuma inagawanywa iwe seva kadhaa, kila moja na Windows au Linux yake. Unaweza kuendesha mashine pepe juu ya bledi, na wenye bledi nyingi hufanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo mashine pepe utazihitaji kwa vyovyote. Kinachobaki kuamuliwa ni chuma gani kizibebe, na kwa ofisi ya ukubwa huu jibu letu ni seva mbili za kawaida za raki (zinazofungwa kwenye kabati la chuma). Bledi zina mahali pake, tutapataja.

Muuzaji anasema bledi ni nafuu kwa kila seva. Anadanganya?

Hadanganyi, ila anahesabu chasisi iliyojaa. Chasisi za HPE c7000 na Dell M1000e zote ni za U10 (nafasi kumi za raki) na hubeba bledi 16 za nusu urefu. Gharama ya chasisi, feni, pawasaplai 6 na swichi za nyuma ikigawanywa kwa 16, kila seva inaonekana rahisi. Ukinunua bledi 3, gharama ile ile umeigawa kwa 3.

Halafu kuna diski. Bledi kama BL460c ina nafasi mbili tu za diski ndogo. Zinatosha kuwasha mfumo, hazitoshi faili za ofisi wala hifadhidata ya uhasibu. Itabidi ununue hifadhi ya pamoja ya nje pamoja na swichi na kadi za kuiunganisha, na hifadhi hiyo mara nyingi hupita bei ya bledi zenyewe. Katika kotesheni ya kwanza kipengele hiki huwa hakipo. Kiulizie kabla hujatia sahihi.

Stima ya ofisi inaweza kubeba chasisi ya bledi?

Mara nyingi haiwezi bila fundi kuingia kazini. Pawasaplai za c7000 hutaka volti 200 hadi 240, ambazo tunazo, lakini zimejengwa kwa waya wa ampea 16 na si plagi ya ukutani ya ampea 13. Kila pawasaplai yahitaji laini yake kutoka kwenye bodi. Ukitaka chasisi istahimili kufa kwa upande mmoja wa stima, laini hizo zigawanywe pande mbili. Chasisi nyingine huja na viingilio vya fezi tatu, na jengo lenye mita ya fezi moja halina la kufanya nazo.

Uzito nao usisahaulike. c7000 iliyojaa hupita kilo 200. Kwenye jengo la zamani la Mji wa Kale lenye ngazi nyembamba na sakafu ya mbao, hilo peke yake linatosha kufunga mjadala.

Tumepewa chasisi ya bledi bure na kampuni inayofunga. Tuikatae?

Piga hesabu ya uniti kwanza. Mwezi una saa 720. Tuseme chasisi yenye bledi 4 inakula wati 1,500. Feni, swichi za nyuma na moduli za usimamizi hula wati mamia kadhaa hata kabla bledi hazijaanza kazi. Seva mbili za raki zenye mashine pepe tuzipe wati 500 kwa pamoja. Tofauti ni wati 1,000, yaani uniti 720 kwa mwezi.

Joto lile lote lazima kiyoyozi kilitoe. Kiyoyozi kizuri hutumia takriban theluthi moja ya stima ya joto kinaloondoa, kwa hiyo ongeza uniti 240. Jumla uniti 960. Kwa mfano wa shilingi 25 kwa uniti (weka bei iliyo kwenye bili yako) hizo ni shilingi 24,000 kwa mwezi, na 288,000 kwa mwaka. Bure hiyo inalipiwa kila mwezi.

Kuna tatizo la pili. Chasisi za zamani zina programu ya usimamizi iliyopitwa, na vivinjari vya sasa hukataa kufungua kurasa zake kwa sababu ya usimbaji dhaifu. Usiku wa manane bledi imekufa, na ukurasa wa kuiwashia haufunguki. Ukiichukua chasisi hiyo, ichukue kama akiba ya RAM na diski.

Basi tununue nini hasa?

Tuchukue ofisi ya watu 40 yenye mashine pepe tano:

- Kidhibiti cha domeni (huthibitisha watumiaji wanapoingia): kori pepe 2, RAM GB 8
- Seva ya faili: kori 2, GB 8
- Uhasibu na hifadhidata yake ya SQL: kori 4, GB 24
- Linux ndogo ya kuunganisha mauzo na eTIMS (mfumo wa ankara wa KRA): kori 2, GB 8
- Seva ya kompyuta za mbali (Remote Desktop) kwa watu 15: kori 8, GB 32

Jumla ni kori pepe 18 na GB 80. Ongeza GB 6 za haipavaiza (programu inayoendesha mashine pepe) na GB 8 za akiba ya ZFS (mfumo wa kutunza faili na diski), unafika GB 94. Kila seva iwe na GB 128, ili moja ikifa nyingine ibebe mzigo wote peke yake. Hapa ndipo wengi huteleza: hununua seva mbili za GB 64 kwa kuwa jumla inafika 128, kisha moja ikizima, nyingine haina pa kuziweka mashine za mwenzake.

Kori 16 za kweli kwa kila seva zinatosha. Kazi za ofisi hulala muda mwingi, na kori pepe tatu kwa kori moja ya kweli ni sawa kabisa. Kori zikizidi zinakugharimu leseni za Windows, kama utakavyoona.

Diski ziwe SSD za daraja la seva, zenye kinga ya kukatika kwa stima, angalau 4 kwa kila mashine. SSD za kompyuta za nyumbani hupunguza kasi vibaya sana chini ya ZFS na huisha mapema. Bei yake ndogo haisaidii kitu. Ukitumia ZFS, kadi ya diski iwekwe kwenye hali ya HBA ili mfumo uzione diski zenyewe. H330 ya Dell na P408i-a ya HPE zinaruhusu. Usiweke ZFS juu ya RAID ya kadi (kadi kuunganisha diski kadhaa zionekane moja).

Kwa mtandao, kila seva iwe na kadi yenye milango miwili ya gigabiti 10. Seva zikiwa mbili tu, hutahitaji swichi ya gigabiti 10: unganisha seva moja na nyingine kwa kebo ya moja kwa moja.

Seva zilizotumika, za "ex-UK", zinafaa?

Zinafaa, na kwa bajeti finyu ndizo tunazozipendekeza, mradi ziwe za kizazi cha DDR4: DL360 au DL380 kuanzia Gen9, Dell R630 au R730 na za baadaye. Kagua haya dukani kabla ya kulipa:

Toa RAM moja na utazame mguu wake. Rangi ya kijani au madoa meupe ni dalili ya unyevu wa chumvi, na tatizo hilo halitaishia hapo. Fungua kumbukumbu ya iLO (ya HPE) au iDRAC (ya Dell), mifumo ya kusimamia seva ukiwa mbali, usome makosa ya RAM na ya pawasaplai. Ikiwa imefutwa yote, uliza kwa nini. Hakikisha leseni ya iLO Advanced au iDRAC Enterprise imo. Bila hiyo iLO ya seva za raki hukatiza skrini ya mbali pindi mfumo unapoanza kuwaka, nawe utalazimika kuvuka feri kutoka Likoni kwenda kubonyeza kitufe kimoja. Pima SSD kwa `smartctl -a` na uangalie kiasi cha uhai kilichobaki.

Nunua pawasaplai moja na feni moja za akiba papo hapo, kwa sababu kuzipata baadaye huenda kukachukua wiki.

Pima na raki pia. DL380 ina kina cha karibu sentimita 70, na kabati za ukutani za sentimita 60 hazifungi. Chukua raki ya kina cha mita moja.

Tutumie haipavaiza gani? VMware, Hyper-V au Proxmox?

Broadcom ilikamilisha kuinunua VMware Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikasitisha leseni za kununua mara moja. Sasa ni usajili, unaohesabiwa kwa kori, na kila prosesa huhesabiwa angalau kori 16. Kwa ofisi ya seva mbili hatuoni sababu ya kuanza upya huko.

Hyper-V ni nzuri ikiwa tayari unalipia Windows Server na mtu wenu wa kompyuta anaijua Windows peke yake.

Chaguo letu la kwanza ni Proxmox VE. Imejengwa juu ya Debian, hutumia KVM, na vipengele vyote, pamoja na klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja) na bakapu, vimo bila kununua leseni. Usajili wake ni wa msaada na hazina ya masasisho iliyopimwa zaidi, na hulipiwa kwa prosesa kwa mwaka. Anza bila usajili kwa kubadilisha hazina iwe ile isiyo na usajili; usipofanya hivyo, `apt update` itatoa kosa na mashine itabaki bila viraka vya usalama.

Seva mbili bila hifadhi ya pamoja zitasaidianaje?

Proxmox hunakili diski za mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine kwa ZFS, kila dakika 15 usipobadilisha, na unaweza kushusha hadi dakika 1. Hifadhi ya ZFS iwe na jina lile lile pande zote mbili. Nakala ya kwanza ni nzito, zinazofuata hubeba mabadiliko tu.

Elewa unachokubali: seva ikifa ghafla, kilichoandikwa tangu nakala ya mwisho kimepotea. Kwa uhasibu weka dakika 1 au 5. Kwa faili 15 zinatosha.

Kitu kinachowaangusha wengi ni kworamu, yaani wingi wa kura unaohitajika ili klasta ifanye kazi. Klasta ya seva mbili ina kura mbili. Moja ikizima, iliyobaki haina wingi wa kura, mipangilio hufungwa isiandikwe, na mashine pepe zilizozima hazitawaka. Ongeza kura ya tatu kwa kompyuta ndogo yoyote yenye Debian, hata Raspberry Pi:

1. Kwenye kompyuta ndogo: `apt install corosync-qnetd`
2. Kwenye seva zote mbili: `apt install corosync-qdevice`
3. Kwenye seva moja: `pvecm qdevice setup` ikifuatwa na anwani ya IP ya kompyuta ndogo
4. Hakikisha kwa `pvecm status` kwamba kura ni 3

Kompyuta hiyo isiwe mashine pepe ndani ya klasta ile ile. Wala usijaribu kuunganisha seva ya Mombasa na ya Nairobi kuwa klasta moja. Corosync, programu inayounganisha seva za klasta, hutaka majibu ya chini ya milisekunde 5, na kebo ya masafa hayo haina uhakika huo. Nairobi peleka bakapu.

Leseni za Windows zinahesabiwaje?

Windows Server Standard hukatiwa kori zote za seva, angalau 16, na kifurushi hicho huruhusu mashine pepe 2 za Windows. Katika mfano wetu Windows ni 4, basi vifurushi 2 kwa seva. Na kwa kuwa mashine zote zinaweza kuhamia seva ya pili ile ya kwanza ikifa, seva ya pili nayo yahitaji vifurushi 2. Jumla vifurushi 4 vya kori 16. Seva yenye kori 32 ingezidisha hesabu hii mara mbili, ndiyo maana tulisema usinunue kori za urembo.

Ongeza leseni za watumiaji, na za kompyuta za mbali peke yake. Hizo za mbali zina siku 120 za majaribio, kisha watu hukataliwa kuingia, na kwa kawaida hutokea mwisho wa mwezi wakati uhasibu una haraka.

Tutahamishaje seva za zamani ziwe mashine pepe?

Kidhibiti cha domeni usikihamishe. Jenga kipya, kipandishe cheo, kisha kishushe cha zamani. Faili nazo ni rahisi kunakili kwenye Windows mpya.

Kwa seva ya uhasibu isiyoweza kusakinishwa upya (mara nyingi aliyeisakinisha hayupo tena), fuata hatua hizi:

1. Simamisha huduma ya SQL na programu yenyewe, kisha utoe picha ya diski kwa Disk2vhd ukihifadhi kwenye diski ya nje.
2. Tengeneza mashine pepe tupu. Kama ya zamani iliwaka kwa BIOS, weka SeaBIOS. Kama ni UEFI, weka OVMF. Ukichanganya haitawaka kabisa.
3. Ingiza diski: `qm disk import 105 uhasibu.vhdx jina-la-hifadhi`
4. Ifunge kama SATA na uiwashe.
5. Ongeza diski ya pili ndogo ya VirtIO SCSI (aina ya diski pepe inayohitaji kiendeshi chake), sakinisha viendeshi vya VirtIO, na hakikisha Windows imeiona.
6. Zima, badilisha diski kuu iwe VirtIO SCSI, rekebisha mpangilio wa kuwasha, washa.

Ukiruka hatua ya 5 utapata skrini ya samawati yenye INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwa sababu Windows haina kiendeshi cha diski inayowakia.

Seva ya zamani iache imezimwa, waya wa mtandao umechomolewa, hadi mwezi mmoja wa hesabu ufungwe salama.

Kama programu ina kidude cha leseni cha USB, Proxmox inaweza kukipitisha kwa mashine pepe. Lakini mashine hiyo haitahamia seva nyingine ikiwa inawaka. Kidude kitahamishwa kwa mkono. Mwambie mhasibu mapema.

Kiyoyozi na hewa ya bahari vina umuhimu gani?

Pwani huu ndio mzigo unaoua seva, na haumo kwenye kotesheni yoyote.

Kila wati 1,000 za seva hutoa BTU 3,412 kwa saa. Seva mbili, swichi na bakapu ni kama wati 850, yaani BTU 2,900. Kiyoyozi cha BTU 9,000 kinaimudu pamoja na joto la kuta wakati wa kaskazi. Weka viwili vikipokezana, kwa sababu kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku hufa mapema. Lenga nyuzi 22 hadi 25 mbele ya seva.

Kosa la kawaida: stima inakatika, UPS inazibeba seva, jenereta inawaka, lakini kiyoyozi hakirudi kwa sababu hakina uwezo wa kujiwasha. Jumapili chumba kinafika nyuzi 40 bila mtu kujua. Nunua kiyoyozi kinachojiwasha stima inaporudi, ukijaribu kwa kuzima bodi, na uweke kipima joto kinachotuma ujumbe.

Usifunge feni ya kuingiza hewa ya nje. Inaleta chumvi na unyevu, na chumvi ikishatua kwenye miguu ya RAM na viunganishi huvuta maji hewani na kula chuma. Ziba madirisha yanayotazama bahari au kijito cha Tudor. Usizime kiyoyozi usiku huku mlango uko wazi: hewa yenye unyevu hukuta chuma baridi na kuacha umande. Safisha vichujio kila wiki mbili. Makosa ya RAM yanayojirekebisha yakianza kujirudia kwenye kumbukumbu, zima, toa RAM, futa miguu kwa pombe ya isopropili, acha ikauke, rudisha.

UPS ya ukubwa gani?

Kwa wati 850, chukua mbili za kVA 1.5 za aina ya onlaini badala ya moja ya kVA 3. Kila seva ina pawasaplai mbili. Moja iende UPS ya kwanza, nyingine ya pili. Kila UPS hutoa takriban wati 1,350 ikiwa kipimo chake cha nguvu ni 0.9, kwa hiyo moja ikifa nyingine inatosha.

Unganisha UPS na seva kwa programu ya NUT, uamuru zizime betri ikifika asilimia 40. Sakinisha `qemu-guest-agent` ndani ya kila mashine pepe, na uiongezee ile ya SQL muda wa kuzima: kawaida ni sekunde 180, na ikipita hapo inakatwa kwa nguvu. Kwenye mpangilio wa kuwaka, kidhibiti cha domeni kiwe cha kwanza, SQL ifuate baada ya sekunde 120. Betri za risasi hupoteza nusu ya uhai kwa kila nyuzi 8 hadi 10 juu ya 25, basi zikae chumba kile kile chenye baridi.

Snapshoti zinatosha kuwa bakapu?

Hazitoshi. Snapshoti, yaani picha ya hali ya mashine pepe kwa wakati fulani, ipo kwenye diski ile ile. Diski ikifa zimekwenda zote. Hata ile nakala ya dakika 15 si bakapu, kwani faili zikifungwa na virusi vya kudai fidia, uharibifu nao unanakiliwa.

Weka Proxmox Backup Server kwenye mashine ya tatu, hata kompyuta ya zamani yenye diski mbili za TB 4. Isiunganishwe na domeni, na nenosiri lake lisifanane na la seva. Kisha nakala nyingine itoke nje ya jengo kila usiku. Sheria ya taratibu za kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, kwa hiyo bakapu ya kila mwisho wa mwaka isifutwe na ratiba. Kila mwezi rudisha mashine pepe moja, iwashe ikiwa imekatwa mtandao, na umwite mhasibu afungue ankara ya juzi.

Lini bledi zinastahili?

Ukiwa na kazi ya kujaza angalau nusu ya chasisi tangu siku ya kwanza, raki iliyo kwenye kituo cha data ambako stima na baridi vimo ndani ya kodi, hifadhi ya pamoja tayari ipo, na fundi mwenye vipuri. Chuo kikubwa, benki au mtoa huduma ya intaneti anaweza kufika hapo. Hata hao waulize kwanza kama seva nne za raki zenye kori nyingi hazitafanya kazi hiyo hiyo.

Fedha zinakuja kwa awamu. Tuanzie wapi?

Anza na UPS moja, kiyoyozi na mashine ya bakapu, kisha piga bakapu seva za zamani kama zilivyo. Awamu ya pili nunua seva moja ya GB 128 na uhamishie kazi mbili nyepesi, faili na eTIMS, mfumo uzoeleke. Awamu ya tatu seva ya pili, klasta, UPS ya pili, ndipo uhamishe uhasibu. Usiihamishe wiki ya mwisho ya mwezi, wala karibu na tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT.